Kitambaa cha Ruhusa

Ipo nchi moja, mbali na hapa, umbali wa kutosha kwa anayeisimulia kulala bila wasiwasi. Ina bendera, ina wimbo wa taifa, ina mawaziri arobaini na mmoja, na ina timu ya mpira ambayo kwa miaka mitatu haikufunga hata goli moja. Huko hawakuita hali ile kushindwa. Redio ya taifa iliiita uvumilivu mbele ya lango. Timu ikilala manne kwa sifuri, mtangazaji alisema wageni wameshinda kwa magoli, wenyeji wameshinda kwa adabu.

Mama Shomari alimsikiliza mtangazaji huyo huku akipiga pasi, na kila lilipotamkwa neno adabu, pasi ilisimama. Alikuwa dobi. Alifua nguo za mtaa mzima na, kwa bahati aliyoirithi kwa mama yake pamoja na beseni, alifua pia nguo za Idara ya Itifaki ya Ikulu. Alikuwa mtu wa kushuku. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Kazi ndiyo iliyomlea hivyo. Anayefua nguo za watu hahitaji kusimuliwa habari zao. Mikono ya shati humwambia nani amefanya kazi na nani ameegemea tu meza. Sharti lake lilikuwa moja: alichokiona kwenye nguo chafu alikimwaga na maji yake, hakikutoka nje ya uzio.

Katika miaka mitatu ile alishuku vitu vingi, kwa zamu. Alianza na milingoti ya goli. Siku moja asubuhi aliingia uwanjani kwa kisingizio cha kufuata jezi, akaipima kwa utepe wa fundi cherehani, akakuta iko sawa, jambo lililomwongezea shaka. Akashuku mpira, kwa kuwa ulikuwa wa msaada kutoka nchi rafiki. Akamshuku kocha, binamu wa waziri, aliyefundisha mbinu kwa kupanga vikombe vya chai mezani, na kila kipindi kilipokwisha, kikombe cha mshambuliaji ndicho pekee kilichobaki na chai. Akawashuku waganga, akamshuku mwamuzi, akaushuku upepo. Mwisho akabaki mtu mmoja tu ambaye hakutaka kabisa kumshuku: mshambuliaji mwenyewe, jezi namba tisa. Huyo alikuwa Shomari, mwanawe wa kwanza na wa pekee.

Serikali nayo haikukaa bure. Iliunda Kamati ya Taifa ya Kuchunguza Ukame wa Magoli, yenye wajumbe kumi na mmoja na wengine saba wa akiba, chini ya Waziri wa Michezo, Mvua na Mambo Yaliyosahaulika. Kamati ilikaa miezi kumi na minne. Iliuita wavu kuhojiwa. Wavu ulipelekwa ukumbini kwa gari la polisi, ukaulizwa maswali sitini, haukujibu hata moja, na kumbukumbu zikaandika kwamba shahidi alikataa kutoa ushirikiano. Baada ya hapo Kamati ilichoka, na ilipochoka ikampata mkosaji.

Barua ilimfikia Mama Shomari siku ya Jumatatu, mikono yake ikiwa na povu. Aliyeileta alikuwa tarishi mmoja mzee, Bwana Sikamkono, aliyekuwa akizipeleka barua za namna hiyo tangu ujana wake na bado alikuwa anaona haya. Ilikuwa imeandikwa kwa Ndugu Mwantumu binti Issa, "ambaye kwa sasa anajulikana kama Mama Shomari". Ilimjulisha kwamba ukame wa magoli umesababishwa na mwanawe. Ikiwa Jumamosi, katika mechi dhidi ya nchi jirani, namba tisa hatafunga goli, jina lake litafutwa kwenye Daftari la Vizazi. Atahesabiwa hakuzaliwa. Kwa hiyo mpokeaji wa barua hii atatakiwa, ndani ya siku saba, kuacha kutumia jina la mtu ambaye hakuwahi kumzaa.

Katika nchi ile, kama katika nyingine nyingi, mwanamke akizaa huliacha jina lake na kuvaa la mtoto. Miaka ishirini na minne hakuna aliyemwita Mwantumu. Kama mtu angeliita jina hilo sokoni, yeye angekuwa wa mwisho kugeuka. Aliisoma barua mara mbili, akaisaini kwa kidole chenye povu.

"Samahani, mama," alisema Bwana Sikamkono. Kisha akakumbuka kazi yake. "Samahani, ndugu."

Habari zilivuka uzio kabla barua haijakauka. Jirani yake, Bi Zaituni, ambaye hakuwa na mchezaji kwenye familia na kwa hiyo alikuwa na furaha tele, aliuliza kutoka upande wa pili kama wiki ijayo akimwita Mwantumu kuomba chumvi, ataitika au atalazimika kutuma mtu.

"Utanunua chumvi yako," alijibu Mama Shomari, akaendelea kusuuza.

Siku ile Shomari alipokuja kula chakula cha mchana, mama yake hakumpa chakula kwanza. Aliichukua jezi ya mazoezi kwenye mkoba, akaitandaza juani, akaisoma. Alitafuta uongo kila mahali. Pindoni mwa bukta palikuwa na kijani cha nyasi. Mgongoni palikuwa na tope la mtu aliyeangushwa, na kifuani chumvi ya jasho ilikuwa imechora ramani. Nguo ile ilikuwa ya mtu anayefanya kazi. Hilo nalo lilimtia shaka.

"Shomari, mwanangu. Unaupiga mpira au unaubembeleza?"

"Naupiga, mama."

"Mbona haufiki?"

Shomari aliitazama redio, ingawa ilikuwa imezimwa. "Nimesaini karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Hilo nalo limo kwenye karatasi."

Alikula wali wake, akanawa, akamuaga mama yake kwa kumshika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Mama Shomari alibaki na sahani mkononi. Mwanawe alikuwa akimficha jambo, lakini hakuwa akimdanganya. Alizijua tofauti hizo mbili kama anavyoijua tofauti ya doa la chai na doa la kutu.

Jumatano timu ilicheza mechi ya kupasha misuli. Kwa kawaida Mama Shomari alikaa nyuma ya goli, mahali pa kuupokea mpira kwa macho. Safari hii alihama. Alikaa upande wa mbali, akilitazama jukwaa kuu, ili amwone mwanawe usoni na si mgongoni.

Dakika ya thelathini Shomari aliwatoka mabeki wawili. Golikipa akaanguka kwa tamaa zake mwenyewe. Lango likabaki wazi, pana kama geti la soko. Shomari akainua mguu. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, mama yake aliona kitu ambacho watu wote nyuma ya goli hawakuweza kukiona: mwanawe hakulitazama lango. Aliinua uso kulitazama jukwaa kuu.

Mama Shomari naye akatazama huko. Mtukufu Rais alikuwa kwenye kiti chake kikubwa chenye nakshi, kidevu kifuani, pakiti ya karanga pajani. Alikuwa amelala. Nyuma yake alisimama Mkurugenzi wa Itifaki, Bwana Mtengeti, mkono wake wa kulia ukiwa umeshika kitu kwenye mfuko wa kifuani. Bwana Mtengeti aliinama, akamchungulia Mtukufu usoni, akajiuliza, kisha akautoa mkono mtupu. Shomari alipoona mkono umetoka mtupu, aliupeleka mpira nje, taratibu, kama mtu anayesindikiza mgeni. Uwanja ukamtukana. Matusi mengine yalikwenda moja kwa moja kwa aliyemzaa, naye alikuwepo kuyapokea.

Lakini hakuyasikia. Alikuwa akikitazama kile cheupe kilichochungulia mfukoni mwa Bwana Mtengeti. Alikijua. Kila Jumatatu kilikuja, hiki au pacha wake wa zamu, kwenye furushi la Itifaki, na kwenye orodha kiliandikwa: Kitambaa cha Ruhusa, kimoja, mikunjo minne. Kila Jumatatu kilikuja na mikunjo ileile aliyoiweka yeye, na buluu ileile ya kufulia. Miaka mitatu hakijakunjuliwa hata mara moja. Na yeye, aliyejiona mjuzi wa nguo, alidhani tu kwamba mwenyewe hatoki jasho.

Akakumbuka jambo jingine, ambalo wakati ule alilimwaga na maji. Jumatatu iliyofuata goli la mwisho la timu ile, aliletewa suti ya Mtukufu. Suruali ilikuwa na vumbi magotini. Koti lilikuwa na vumbi kwenye viwiko, utando wa buibui kwenye kola, na ganda la karanga ndani ya mshono. Alishangaa kidogo, akafua. Sasa, akiwa amekaa katikati ya matusi, alijiuliza ni wapi kwenye jukwaa lile linalodekiwa kila siku panapoweza kuwa na vumbi na buibui. Alikitazama kile kiti kikubwa. Akatazama chini yake.

Alhamisi alipeleka furushi Idara ya Itifaki. Badala ya kuliacha mlangoni, aliingia nalo, akakiweka kile kitambaa juu ya meza ya Bwana Mtengeti.

"Kaka, miaka mitatu nakifua kitambaa kisafi. Leo naomba kujua kwa nini."

Bwana Mtengeti alifunga mlango. Akaigeuza picha ya Mtukufu ikatazama ukuta, kisha akaona hilo ni baya zaidi, akairudisha. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, ambaye hakuwahi kufanya ubaya wowote bila maandishi. Alimweleza yote kwa sauti ya chini. Siku ya goli lile la mwisho, Mtukufu alikuwa amepumzika kidogo. Goli likaingia, na watu elfu arobaini wakasimama kwa mpigo, wakinguruma. Mtukufu mwenyewe, alieleza Bwana Mtengeti, aliingia madarakani siku watu waliposimama wakinguruma hivyohivyo, kwa hiyo alielewa haraka kuliko walivyokusudia. Alishuka chini ya kiti. Alikaa huko mpaka mapumziko. Wiki iliyofuata ikatoka kanuni: raia yeyote asisimame kabla Mtukufu hajasimama. Na kwa kuwa goli la wenyeji huwasimamisha watu bila kuwauliza, goli lisifungwe mpaka Mtukufu awe macho na tayari kusimama wa kwanza. Akiwa tayari, kitambaa kitapanda. Wachezaji wote walisaini.

"Basi mwamshe," alisema Mama Shomari.

"Nani?"

"Wewe. Si uko nyuma yake?"

"Kanuni ya kumwamsha haijapitishwa. Nimeiandika mwenyewe, iko mezani kwake, inasubiri saini. Lazima aisaini akiwa macho, na akiwa macho haoni umuhimu wake."

"Na Jumamosi wanamfuta mwanangu."

"Nimeiona ile barua." Bwana Mtengeti aliinamisha kichwa. "Niliisahihisha mimi. Ilikuwa na makosa ya mpangilio."

Mama Shomari alimkagua kama anavyokagua nguo. Hakuona hata doa moja kwenye shati lake, na hilo ndilo lililomtisha. Kisha aliuliza, kana kwamba anaulizia sabuni, kama Shomari huko chini uwanjani kweli anaweza kukiona kitambaa kidogo kiasi hicho.

"Haoni kitambaa, mama. Anaona weupe. Weupe unatosha."

"Ahsante, kaka," alisema, akachukua furushi la nguo chafu, akaondoka.

Jumamosi alifika uwanjani mapema akiwa na kikapu. Askari wa getini alikifunua, akakuta kitu cheupe kimekunjwa vizuri, akauliza ni nini.

"Shuka la Mtukufu. La kitanda."

Askari aliona alama ya Ikulu kwenye pindo. Alikaza mgongo, akalipigia shuka saluti, akamruhusu kupita. Mama Shomari alikwenda akakaa safu ya mwisho chini ya jukwaa kuu, mahali ambapo mashabiki hawapendi kukaa kwa sababu maganda ya karanga huwadondokea. Alilipakata kile kikapu. Kila aliyempita alimshuku: huyu anajua, yule ametumwa, yule mwenye miwani hana sababu ya kuvaa miwani. Viti vitatu kutoka kwake alikaa Bwana Sikamkono, tarishi, akiwa na mkoba. Ndani ya mkoba, kila mtu alijua, mlikuwa na Daftari la Vizazi, limeletwa ili kazi ifanyike palepale filimbi ya mwisho ikilia.

Kipindi cha kwanza wageni walikosa magoli sita, na redio ikawalaumu kwa pupa. Dakika ya sabini na moja Shomari aliupata mpira katikati, akamzunguka mmoja, akampita wa pili, golikipa akatoka, akaachwa. Lango likabaki wazi. Mguu ukapanda. Na uso wake nao, kama kawaida, ukapanda kulitazama jukwaa.

Mama Shomari alilikunjua shuka. Lilikuwa la futi sita kwa sita, limetiwa buluu, limepigwa pasi pande zote mbili, na jua lilipolipiga hata golikipa wa wageni alijikinga macho. Shomari aliona weupe ambao hajawahi kuuona maishani mwake. Akapiga. Wavu, ule uliokataa kujibu maswali sitini, ukavimba.

Hakuna aliyesimama.

Watu elfu arobaini walikaa wameshika magoti yao yasije yakawaponza. Shabiki aliyekaa kando ya Mama Shomari aling'ata kofia yake. Golikipa wa wageni aliyekwenda kuokota mpira alimuuliza mwamuzi kama kuna msiba. Taratibu, vichwa vyote viligeuka kulitazama jukwaa kuu, ambako Mtukufu alikuwa akikoroma kidogo, na Bwana Mtengeti alikuwa akijipapasa kifuani, akikuta kitambaa chake kipo palepale, mikunjo minne.

Waziri wa Michezo, Mvua na Mambo Yaliyosahaulika alikuwa wa kwanza kupata akili. Aliinama kwenye reli na kumwita mwamuzi wa pembeni, akamweleza kwa sauti iliyosikika safu ya mwisho kwamba kwa mujibu wa taratibu, goli lisiloshangiliwa halijafungwa, ni tetesi. Mwamuzi wa kati akapeleka filimbi mdomoni. Katikati ya uwanja Shomari alisimama peke yake, mikono imening'inia, akitafuta ulikotoka ule weupe. Bwana Sikamkono, macho chini, alianza kufungua mkoba.

Mama Shomari aliyasikia magoti yake. Yalikuwa magoti ya miaka mingi kwenye beseni, na hayakuwahi kuwa mazito namna ile. Alisimama. Alisimama wima, shuka mkononi, mgongo wake ukiwa umeelekea kwa Mtukufu, kosa ambalo halikuwa hata kwenye kanuni kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikiria. Akapiga kigelegele kirefu, cha mwanamke aliyejifungua.

"Goli la Shomari," alisema pumzi ilipomrudia. "Mwanangu mimi. Nimemzaa."

Wa pili kusimama alikuwa Bwana Sikamkono, na mkoba wake ukaanguka chini ukajifunga wenyewe. Kisha safu yao. Kisha safu ya juu yake. Kisha uwanja mzima, kwa ngurumo ya miaka mitatu iliyowekwa akiba. Mtukufu akafumbua macho. Mtangazaji wa redio, mtu aliyesomea kazi yake, hakusita hata kidogo: aliwaambia wasikilizaji kwamba Mtukufu ameinama kukagua uimara wa sakafu ya jukwaa, na ukaguzi unaendelea.

Jumapili mashabiki walianza kuhojiwa. Kamati ilitaka jibu la swali moja: nani alisimama wa kwanza? Maelezo elfu arobaini yalichukuliwa, na kila mtu, bila kupanga na mwenzake, alisema alisimama kwa kumfuata aliyekaa kulia kwake. Mama Shomari naye alisema hivyohivyo. Askari wa getini alipoulizwa kuhusu kitu cheupe, alijibu kwamba alichokiona ni shuka la Mtukufu, naye hawezi kutoa ushahidi dhidi yake. Wajumbe walichora ramani, wakamfuata mtu wa kulia, na wa kulia kwake, na wa kulia kwake huyo. Kwa kuwa uwanja ule ni wa duara, baada ya siku tisa walirudi walikoanzia. Waliurudia mzunguko mara tatu, mara ya mwisho kwa baiskeli.

Hatimaye mjumbe mmoja wa akiba aligundua kwamba uwanja mzima ulikuwa na mtu mmoja tu asiyekuwa na jirani wa kulia, kwani kiti chake kinakaa peke yake. Ripoti ilisomwa redioni kwa fahari. Ilithibitika kwamba aliyesimama wa kwanza ni Mtukufu mwenyewe, kwamba alikuwa macho tangu dakika ya kwanza, na kwamba kanuni haikuvunjwa na yeyote. Goli lilihalalishwa. Bwana Sikamkono alileta barua nyingine, ya mstari mmoja, ikieleza kwamba Shomari amezaliwa. Safari hii ilikuwa imeandikwa kwa Mama Shomari, na mzee yule alikataa kuondoka mpaka aisome bahasha kwa sauti. Aliisoma kwa sauti kubwa, ameugeukia uzio wa Bi Zaituni.

Tangu hapo timu ilifunga. Wiki iliyofuata ilishinda matatu kwa moja, watu wakasimama watakavyo mara tatu, na hakuna aliyekamatwa. Mtaa ulifurahi. Mama Shomari alifurahi pia, lakini nusu, kwa sababu jambo likinyooka hivi hivi bila mtu kupiga pasi, yeye hulishuku.

Jumatatu furushi la Itifaki lilikuja. Aliifungua orodha. Kitambaa cha Ruhusa kilikuwa kimefutwa kwa wino mwekundu. Aliikagua suti ya Mtukufu: magotini hapakuwa na vumbi hata chembe, kwenye kola hapakuwa na buibui. Akaanza kuamini kwamba huenda mtu yule kweli siku hizi anakaa kitini kwake kama watu wengine. Ndipo akaona mstari mpya chini kabisa ya orodha, kwa mwandiko mzuri wa Bwana Mtengeti: Zulia dogo, moja. Mto wa kichwa, mmoja.

Zulia lilikuwa limekatwa kwa kipimo, sawa kabisa na upana wa kiti kikubwa chenye nakshi. Alilipeleka uani, akalining'iniza, akalipiga kwa fimbo. Yalidondoka maganda ya karanga, mengi, makavu, yaliyomenywa bila haraka, ya mtu aliyejilaza huko kwa raha zake dakika zote tisini.

Mama Shomari aliyafagia yote, akayatumbukiza kwenye maji ya beseni, akayamwaga. Zulia alilianika upande wa ndani wa kamba, nyuma ya mashuka, ili Bi Zaituni asilione.